Mkono wa Baba na Somo la Misuli

Katika shule hii, kama katika shule nyingi nyingine, wako wanafunzi wasemao kwamba kazi za duniani ni za namna mbili tu: kazi ya akili na kazi ya misuli. Ya kwanza, husema, ni ya mtu aliyesoma. Na ya pili ni ya mtu aliyeshindwa kusoma. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, tena nikisema kwa sauti kubwa. Wenzangu walipokuwa wakiniuliza bwenini baba yangu hufanya kazi gani, nilijibu kwamba ni mtu wa biashara ya mbao. Sikusema kwamba mbao hizo huzipiga randa mwenyewe, wala kwamba jioni nguo zake hunuka unga wa msumeno. Leo nataka kueleza jinsi nilivyotolewa katika ujinga huo. Kitabu kilinisaidia, na mwalimu wangu alinisaidia sana, lakini somo lenyewe nililipata kwa mkono mmoja ulioacha kufanya kazi.

Baba yangu ni fundi seremala mjini Muheza, katika Mkoa wa Tanga. Ufundi huo alifundishwa na babu. Hutengeneza milango, madirisha, vitanda na meza, na mtu akijenga nyumba humwita kupiga kenchi. Mwaka 2023 nilikuwa Kidato cha Tatu. Tarehe 10 Aprili, nikiwa nyumbani kwa likizo fupi, baba alipanda juu ya nyumba ya jirani kupigilia kenchi, nami nilikuwa chini nikimpokeza misumari. Ubao aliokuwa ameukanyaga ukateleza. Akaanguka, na mkono wake wa kulia ukapiga juu ya rundo la matofali. Nilisikia mfupa ukivunjika, na mlio ule sitausahau.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya eksirei. Mfupa wa mkono wa juu, ulio kati ya bega na kiwiko, ulikuwa umevunjika chini kidogo ya katikati. Daktari alitupa moyo kwamba mfupa wa namna ile huunga vizuri. Lakini kabla ya kuufunga alimwambia baba, "Mzee, hebu inua kiganja chako, kama mtu anayesimamisha basi barabarani." Baba akajaribu. Mkono wake ulibaki ukining'inia kifundoni kama jani la mgomba lililovunjwa na upepo. Akajaribu tena, jasho likamtoka, lakini haukuinuka hata kidogo. Daktari akamgusa kwa ncha ya sindano nyuma ya mkono, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akamwuliza kama anasikia. Baba akasema hasikii kitu.

Ndipo daktari alipotueleza. Nyuma ya mfupa ule hupita neva moja, yaani mshipa wa fahamu, iitwayo neva ya radiali. Huuzunguka mfupa huo na kuugusa karibu, kama mtambaazi unavyouzunguka mti. Mfupa uvunjikapo, neva hiyo huweza kugongwa au kuvutwa. "Misuli yako ni mizima, mzee," alisema. "Ila amri haiifikii." Baba akauliza, "Itafika lini?" Daktari akajibu kwamba watu wengi hupona bila kupasuliwa, lakini neva haina haraka, na sisi tusiwe na haraka kuliko yeye.

Shule ilipofunguliwa nilirudi na moyo mzito. Ikatokea kwamba muhula uleule mwalimu wetu wa baiolojia alianza somo la mwendo wa mwili. Siku ya kwanza aliingia darasani na mguu wa kuku aliouomba jikoni, ile sehemu ya chini yenye makucha. Mahali ulipokatwa palionekana nyuzi nyeupe, ngumu. Akaushika uzi mmoja kwa koleo, akauvuta. Lo! Vidole vya yule kuku vikajikunja kama vinavyoshika tawi. Akauvuta uzi wa upande wa pili, vikajinyosha. Darasa zima lilicheka, na wengine walisimama juu ya madawati ili waone vizuri. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiuona mkono wa baba.

Uzi ule ni kano, nayo ndiyo kamba inayoufunga musuli kwenye mfupa. Mwalimu akatwambia tushike kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kisha tuchezeshe vidole kama mtu apigaye kinanda. Nawe msomaji, fanya hivyo sasa hivi kabla hujaendelea. Utasikia nyama ikijisukasuka chini ya mkono wako, mbali kabisa na vidole. Sababu ni kwamba ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja wala ya kuvinyosha. Imo midogo kiganjani inayosaidia, lakini ile yenye nguvu iko kwenye kigasha. Inayovikunja imelala upande wa kiganja. Inayovinyosha na kuuinua mkono imelala upande wa nyuma. Kano zao ndefu hupita kifundoni hadi vidoleni. Kwa hiyo fundi ashikapo nyundo, nguvu ya kuishika hutoka karibu na kiwiko.

Siku zilizofuata tulijifunza mengine mengi, nami nitayaeleza kwa ufupi. Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa zaidi ya 600, na katika mwanamume mzima uzito wake hukaribia asilimia 40 ya uzito wa mwili wote. Mkubwa kuliko yote ni ule wa takoni, utuinuao tunapopanda ngazi au kunyanyuka kitini. Mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio, nao haufiki urefu wa sentimita moja. Kazi yake ni kukizuia kimfupa kidogo kisitikisike mno, ili sauti kubwa zisituumize.

Misuli ni ya aina tatu. Ya kwanza ni hiyo ya mifupa, itiiyo hiari yetu. Ya pili ni misuli laini, iliyo katika kuta za tumbo, matumbo na mishipa ya damu. Hiyo hufanya kazi yake bila kutuuliza, hata tukiwa usingizini. Ya tatu ni ya moyo peke yake. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, basi kwa siku moja hupiga mara 100,800. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe ubaoni, na darasa likanyamaza.

Tena tuliambiwa jinsi musuli unavyojikaza. Ndani yake mna mafungu ya nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyuzi ndogo zaidi, hata mwisho hufikia nyuzi za protini za namna mbili, nene ziitwazo mayosini na nyembamba ziitwazo aktini. Mwaka 1954 wataalamu wanne walieleza jambo hili wakiwa vikundi viwili: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande wa pili. Hao Huxley wawili walikuwa na jina moja tu, hawakuwa ndugu. Walionyesha kwamba musuli unapofupika, nyuzi hizo zenyewe hazifupiki, bali huteleza na kupishana. Weka vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mkono wa pili, kisha uvisukume ndani: mikono imekaribiana, lakini vidole ni vilevile.

Kisha mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MUSULI HUVUTA, HAUSUKUMI. Mwenzetu mmoja, asiyekubali jambo upesi, akainua mkono akasema, "Mwalimu, mbona mimi naweza kulisukuma dawati hili?" Mwalimu akamwambia alisukume, huku akijishika nyuma ya mkono wa juu. Palikuwa pamekaza kama jiwe. Musuli ulioko pale huuvuta mfupa wa kigasha kwa nyuma ya kiwiko, mkono ukanyoka, na mkono unyokapo dawati huenda. Kwa hiyo hata kusukuma ni kuvuta. Na kwa kuwa musuli hujua kuvuta tu, sharti kila mmoja awe na mwenziwe wa upande wa pili wa kuurudisha mfupa mahali pake. Mmoja akijikaza, mwenziwe sharti alegee.

Mwisho tulisoma habari za amri. Mwaka 1791 Luigi Galvani, mtaalamu wa mji wa Bologna katika Italia, alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hurukaruka neva zake zikiguswa na umeme. Tangu hapo watu walianza kuelewa kwamba neva hupeleka habari kwa njia ya umeme. Bila habari hiyo, musuli wa mifupa, hata ukiwa mzima na wenye nguvu namna gani, hukaa tu kama punda asiye na mwenyewe. Hapo nilielewa maneno ya daktari.

Mwezi wa Juni nilirudi nyumbani kwa likizo ndefu. Plasta ngumu ilikuwa imekwisha kuondolewa na mfupa ulikuwa umeunga. Lakini mkono ulikuwa bado ukining'inia, na kigasha chake kilikuwa kimekonda upande wa nyuma, hata mfupa ulionekana. Karakana ilikuwa kimya. Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa baba alikuwa amekwenda kutafuta riziki Tanga mjini. Mama alikuwa akiamka saa kumi za usiku kupika vitumbua vya kuuza. Siku ya pili yangu nyumbani alikuja mteja mmoja kudai fedha alizotanguliza kwa ajili ya mlango. Hakuwa mtu mbaya, naye aliona haya kudai. Lakini alikuwa na nyumba isiyo na mlango. Baba alimrudishia fedha zake kwa mkono wa kushoto.

Usiku ule nilimwambia baba, "Nimefikiri niache shule, nikae hapa nishike randa." Baba hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Randa si ya kushikwa na mtu mwenye huruma, ni ya mtu aliyefundishwa. Mimi nilifundishwa miaka sita. Wewe rudi shule, tena kuna neno nataka ukaniulizie. Vidole vyangu hivi vinakunjika, wewe mwenyewe unaviona. Mbona nikishika nyundo inaniponyoka?" Sikuwa na jibu. Nililiandika swali lile nyuma ya daftari langu la baiolojia.

Kesho yake nilijaribu kumweleza yale niliyokuwa nimejifunza. Kwa kuwa shuleni tunasoma baiolojia kwa Kiingereza, nilishindwa kupata maneno, nikababaika sana. Nikachukua mkaa nikachora ukutani mfupa, musuli wa upande huu, na musuli wa upande huu. Nikasema kila mmoja huvuta tu, hausukumi, na mmoja ukivuta mwingine hulegea. Baba aliitazama picha ile, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu nirudi.

"Huo ni msumeno wa watu wawili," alisema. "Mimi na babu yako tulikata magogo mengi kwa msumeno huo, kabla ya hii ya mashine kuenea. Kila mtu huvuta kwake. Ukivuta, mwenzio hulegeza. Hasukumi, maana akisukuma msumeno hupinda. Na akikataa kulegeza, mti haukatiki hata mkilala hapo." Akaugusa mkono wake wa kulia. "Basi huyu wa upande wa kiganja anavuta, na huyu wa nyuma amelala."

Nikasema, "Hajalala, baba. Hajaitwa."

Msomaji, somo lile lilikuwa limenichukua vipindi viwili na daftari zima. Baba, ambaye mimi nilimhesabu kuwa mtu wa misuli tu, alilielewa kwa kutazama mkaa ukutani, tena akalieleza vizuri kuliko nilivyolieleza mimi. Niliona haya. Sikumwambia, lakini nafikiri alijua.

Juma lile tulikwenda kwa daktari. Alichora kwa kalamu alama mbili juu ya mkono wa baba, moja mahali mfupa ulipovunjikia, na moja karibu na kiwiko, mahali neva inapoingia katika musuli wa kwanza. Tukapima kwa rula: sentimita 11. Akasema kwamba nyuzi za neva zilizoumia huota upya kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Mara moja nikapiga hesabu. Milimita 110 ni siku 110, na siku 110 tangu tarehe 10 Aprili ni tarehe 29 Julai. Nikamwambia daktari kwa furaha. Akacheka akasema, "Hesabu yako ni sahihi, kijana, ila neva haikusoma hesabu." Akaeleza kwamba hukawia kabla ya kuanza kuota, tena ikifika kwenye musuli huchukua muda kabla ya kuuamsha. Ikiwa mwezi wa tano utafika bila dalili yo yote, baba atapelekwa hospitali kubwa neva ikapimwe, na pengine apasuliwe. Maana musuli ukikaa bila neva muda mrefu mno hunyauka, hata neva ikifika haiukuti tena.

Alitupa na kazi ya kufanya. Baba avae gango la kuushikilia mkono ili kifundo kisining'inie. Tena kila siku, asubuhi na jioni, mtu amwinulie kifundo na kumnyosha vidole kimoja kimoja kwa mkono wake, ili viungo visikauke katika kungoja. Kazi hiyo niliifanya mimi likizo yote. Nilipokaribia kuondoka nilimfundisha mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la nne. Alijifunza upesi, naye alikuwa akihesabu kwa sauti, moja mpaka ishirini kwa kila kidole, na hakukubali baba asimame kabla hajamaliza.

Niliporudi shuleni Julai nilimpelekea mwalimu swali la baba. Hakunijibu. Aliliambia darasa zima likunje kifundo cha mkono, kiganja kielekee chini kabisa, kisha likaze ngumi. Jaribu nawe, msomaji. Utaona kwamba ngumi haikazi. Hata kalamu waweza kunyang'anywa na mtoto. Sasa inua kifundo kidogo, ukaze tena. Umeona? Kifundo kikiwa kimeinama, misuli inayokunja vidole imekwisha kufupika, nyuzi zake zimepishana mno na hazina mahali pa kwenda. Kifundo kikiinuliwa, musuli hurefuka na kupata nafasi ya kuvuta. Kwa hiyo kila tushikapo kitu kwa nguvu, misuli ya nyuma ya kigasha huinua kifundo na kukishikilia, bila sisi kufikiri. Vidole vya baba vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni yule asiyeonekana, anayesimama nyuma ili wengine washike.

Jumapili niliomba ruhusa ya kutumia simu ya mwalimu wa zamu, nikampa baba jibu lake. Akasema, "Basi nikilivaa gango na kulikaza vizuri, nyundo itashikika?" Nikasema nadhani itashikika. Jumapili iliyofuata mama aliniambia kwamba baba amepigilia misumari ya kiti kizima akiwa na gango. Kuifungua nyundo ndiyo ilikuwa taabu. Alivinyosha vidole vyake kwa mkono wa kushoto. Lakini kiti kiliuzwa.

Tarehe 29 Julai ilifika. Niliamka kabla ya kengele. Siku nzima sikusikia lililofundishwa, na jioni nilikwenda kwa mwalimu wa zamu kuuliza kama kuna habari. Hakuna. Nikasema moyoni, daktari alinionya. Juma likapita, na la pili likapita. Nilianza kuhesabu kwa upande mwingine: siku ngapi zimebaki kufika mwezi wa tano. Usiku nilijilaza nikiinua kifundo changu gizani na kukishusha, nikishangaa kwamba jambo dogo namna ile sikuwahi kulishukuru hata siku moja.

Jumatatu, tarehe 14 Agosti, wakati wa kujisomea usiku, mwalimu wa zamu alisimama mlangoni akaniita. Miguu yangu ilikuwa mizito. Alinipa simu bila kusema neno. Ilikuwa sauti ya baba.

"Mwanangu, kifundo kimeinuka."

Nikauliza, "Kimeinuka kiasi gani?"

"Kidogo. Kama unene wa penseli. Mdogo wako ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akihesabu, akafika kumi na tatu, akaacha kuhesabu."

Ilikuwa siku ya 126. Nilimrudishia mwalimu simu yake, nikaenda nyuma ya darasa nikalia, na sioni haya kuliandika hapa.

Tangu siku ile misuli iliamka kwa zamu, kama daktari alivyokuwa amesema, ile iliyo karibu na kiwiko kwanza, na ya mbali baadaye. Niliporudi nyumbani mwezi wa Desemba baba aliweza kuinua kiganja chake na kunyosha vidole. Kidole gumba tu ndicho kilichokuwa bado kizito. Kigasha kilikuwa kimeanza kujaa, maana musuli hukua kwa kutumika na hukonda kwa kuachwa. Alikuwa akipiga randa asubuhi na kupumzika mchana. Karakana ilikuwa ikinuka unga wa msumeno, nami nilisimama mlangoni nikaivuta harufu ile.

Siku moja alishusha ule msumeno wa watu wawili uliokuwa ukutani tangu zamani. Alikuwa na gogo la mtiki ambalo alitaka kulitengenezea mdogo wangu mbuzi ya kukunia nazi, kwa malipo, alisema, ya kazi yake ya udaktari. Akanipa mpini mmoja. Tulianza, na mara msumeno ukapinda na kukwama. Nikaongeza nguvu, ukazidi kukwama.

"Unasukuma," baba alisema. "Legeza. Zamu yako itakuja."

Nikalegeza. Msumeno ukaenda kwake, kisha nikavuta, ukarudi kwangu. Na kwa muda si mrefu gogo likaanguka vipande viwili.

Basi, wenzangu, mtu akiniuliza leo baba yangu hufanya kazi gani, najibu kwamba ni fundi seremala. Na nikimsikia mtu akitenga kazi ya akili na kazi ya misuli, humwomba aniinulie kifundo cha mkono, kisha aniambie hiyo ni kazi ya akili au ya misuli. Amri hutoka kichwani, hupita katika neva, hufika kwenye musuli, musuli huvuta kano, kano huvuta mfupa, na upande wa pili yuko mwingine anayelegeza ili jambo litimie. Ukikatika mahali pamoja tu katika njia hiyo, mwenye akili na mwenye nguvu wote wawili hukaa na mkono unaoning'inia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi naongeza kwamba hata hicho kimoja hakijikunji peke yake.

Mwanafunzi wa bweni